Miguu ya nani kwenye skrini? Jinsi makuzi ya niuroni kioo yanavyochunguzwa

Mtoto wa miezi minane ameshikwa kwapani, nyayo zake zikigusa mkanda wa mashine ndogo ya kutembelea. Kutembea hajui. Hata kusimama dede bado. Lakini mkanda ukianza kuvuta nyayo kwenda nyuma, miguu inajibu yenyewe: mmoja unaburutwa, mwingine unarushwa mbele, halafu zamu inageuka. Mbele yake kuna skrini, na kwenye skrini kuna miguu inayopiga hatua.

Ni miguu yake, au ya mtoto mwingine?

Katika jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2015 na Carina de Klerk na wenzake wa Birkbeck, London, jibu lilitegemea mtoto amepangwa kundi gani. Wote walikuwa wa miezi 7 hadi 9. Kundi la kwanza liliona miguu yao wenyewe papo hapo, hatua kwa hatua. Kundi la pili lilipiga hatua vilevile, ila skrini ilionyesha miguu ya mtoto mwingine iliyorekodiwa kabla. Kundi la tatu halikupiga hatua hata moja, lilitazama tu.

Jaribio hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na sababu ni sentensi moja inayorudiwa kila kona penye mazungumzo ya malezi: kwamba binadamu huzaliwa na niuroni kioo, seli za ubongo zinazowaka mtu akitenda na akimwona mwingine akitenda jambo lilelile, na ndiyo maana mtoto huiga. Inasemwa kwa wepesi, kana kwamba kuna mtu alichungulia ndani akaziona.

Kwa mtoto, hakuna aliyechungulia.

## Waya usioweza kuingia

Niuroni kioo zilijulikana kwa sababu ya waya mwembamba uliopenya ndani ya ubongo wa tumbili aina ya makake, mjini Parma, Italia. Ripoti ya kwanza ilitoka 1992. Katika eneo liitwalo F5, upande wa mbele wa ubongo, kulikuwa na seli zilizowaka tumbili aliposhika kitu, na zikawaka tena alipomwona mtafiti akikishika. Ripoti pana zaidi ya 1996 ilitoa hesabu: niuroni 532 kutoka kwa tumbili wawili, na kati ya hizo 92 ndizo zilizokuwa na tabia ya kioo. Yaani hata pale zilipogunduliwa, ni kama moja kati ya sita.

Kwa binadamu, kipimo cha seli mojamoja kilichapishwa 2010 na Roy Mukamel na wenzake wa Los Angeles: seli 1,177 kutoka kwa wagonjwa 21 wa kifafa ambao tayari walikuwa wamewekewa elektrodi ili madaktari wajue degedege linaanzia wapi. Elektrodi hizo ziliwekwa palipohitajika kwa tiba, si pale mtafiti wa niuroni kioo angependa. Kwa hiyo seli zenye tabia ya kioo zilionekana, lakini katika maeneo ya kati na ya pembeni ya ubongo, mbali na pale panapolingana na F5.

Kichanga mwenye afya hatobolewi fuvu kwa ajili ya udadisi wa mtu. Hapo ndipo somo zima la *makuzi* ya niuroni kioo linapobadilika tabia. Kinachopimwa kwa mtoto ni kivuli cha seli, na kila ubishi utakaoufuata unahusu kivuli kile kimetupwa na nini.

## Mdundo unaozimika

Kivuli kinachotumika zaidi ni mdundo wa mu.

Mtu akitulia bila kusogeza mkono, maelfu kwa maelfu ya seli katika eneo la ubongo linalohusika na misuli na hisia za mwili hutetema kwa mwendo mmoja, kama ukumbi mzima unaopiga makofi kwa pamoja. Mtu akisogeza mkono, kila kikundi cha seli kinashika kazi yake, mwendo unavunjika, na wimbi linalosomwa juu ya ngozi ya kichwa linapungua. Huko kupungua ndiko kunakotafutwa. Mwaka 1954, miaka 38 kabla ya Parma, Wafaransa Gastaut na Bert walikuwa wameshaona kuwa mdundo huo hupungua hata kwa mtu aliyekaa kimya, endapo anatazama filamu ya mabondia wakipigana. Waliandika, wakaendelea na mambo yao.

Kwa mtu mzima mdundo wa mu hucheza kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 8 na 13. Kwa mtoto anayekaribia mwaka mmoja uko chini, takriban hezi 6 hadi 9, na hupanda kadiri anavyokua. Ukimpima mtoto wa miezi tisa kwa masafa ya mtu mzima, unapima kitu kingine kabisa. Watafiti makini hawakubali hata masafa ya kwenye vitabu: kwanza humwacha mtoto *mwenyewe* ashike mwanasesere mara kadhaa, waone wimbi lake linapungua kwenye hezi zipi, ndipo watafute hezi hizohizo wakati anamtazama mwingine akishika. Bila hatua hiyo neno "kioo" halina msingi, kwa maana kioo kinahitaji pande mbili, kutenda na kutazama, kwa mtu yuleyule.

## Kofia, maji ya chumvi na maziwa

Mzunguko wa kichwa hupimwa kwa utepe ili kuchagua ukubwa wa kofia ya EEG, yaani kofia yenye elektrodi zinazosoma umeme wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa. Utosi hutafutwa kwa vipimo viwili: nusu ya njia kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogoni, na nusu ya njia kutoka sikio hadi sikio. Elektrodi zinazohitajika zaidi, C3 na C4, hukaa pembeni mwa utosi, kushoto na kulia. Kofia ikiteleza sentimita mbili mbele, zile C3 zako zimeshakuwa za mtaa mwingine.

Kofia nyingi za watoto ni wavu wenye sifongo ndogo, mara nyingi 128, zinazoloweshwa kwenye maji vuguvugu yenye kloridi ya potasiamu, takriban gramu 11 kwa lita, na kijiko cha chai cha shampuu ya watoto. Chumvi inapitisha umeme, shampuu inalainisha mafuta ya ngozi. Sifongo zikichuruzika sana, maji huunganisha elektrodi jirani na zote mbili zikaanza kusema neno moja. Zikikauka, na hukauka ndani ya nusu saa hadi dakika arobaini, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hupanda. Wengi huweka mpaka kwenye kiloomu 50.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mbinu havikulijali kwa muda mrefu. Wavu huu hukaa vizuri kwenye nywele laini au upara wa kichanga. Nywele nene zenye msokoto mkali huinua sifongo, na aliyesukwa mara nyingi huachwa nje ya utafiti. Mwaka 2020 kikundi cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kilitoa elektrodi zenye vibanio vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, mtindo ambao dada wa saluni Dar angeuita twende kilioni. Walichofanya ni kuipanga mistari ipite kando ya vituo vya elektrodi. Wazo rahisi hivyo, na lilichelewa hivyo.

Mtoto yuko mapajani kwa mama. Mama ameombwa asinyooshe kidole, asiseme "tazama!", asimtikise. Msaidizi anapuliza mapovu ili mikono midogo isiende kwenye kofia. Kuanzia hapo saa inakimbia, kwani mtoto wa umri huu hukupa dakika chache tu za utulivu.

Chuchu ya bandia haifai: kunyonya kuna mdundo wake, nao unaingia kwenye kumbukumbu. Kutafuna hutoa kelele ya misuli ya taya. Kulia huharibu kila kitu. Katika tafiti za EEG za watoto wachanga, karibu nusu ya waliokuja huishia kutotumika.

Lakini kosa la hatari kuliko yote halina kelele.

Mtoto anatazama mkono wa mtafiti ukishika kikombe. Wakati huohuo, polepole, anainua mkono wake mwenyewe. Mdundo wa mu unapungua, kama inavyotakiwa, kwa sababu ametikisa mkono. Usipokuwa na kamera unaandika "kioo". Ndiyo maana watu wawili huketi na video, picha kwa picha, na kufuta kila sekunde ambayo mtoto alijisogeza. Mtoto aliyetoa majaribio 40 anaweza kubaki na manane.

Na hata hayo manane yana masharti ya hesabu. Kipande cha sekunde 1 kinakupa uwezo wa kutofautisha hezi 1 na nyingine. Ukikata vipande vya nusu sekunde ili uokoe data, unabaki na hatua za hezi 2, na ukanda wote wa 6 hadi 9 unakuwa na nguzo moja au mbili tu.

## Kisogo kinapodanganya

Shaka kubwa kuliko zote ilitoka kwa watu wazima.

Kisogoni kuna mdundo mwingine, alfa, wenye masafa karibu sawa na mu. Huu unahusu macho na uangalifu: ukitazama kitu kwa makini unapungua, ukichoka unapanda. Umeme wa ubongo hauheshimu mipaka. Huenea juu ya fuvu lote, na C3 huusikia. Basi linganisha mkono unaoshika kikombe na skrini ya nukunuku zisizo na maana. Mkono unavutia zaidi. Alfa inapungua kisogoni, kivuli chake kinafika C3, nawe unadhani umeona mu.

Mwaka 2016 Hannah Hobson na Dorothy Bishop wa Oxford walikagua kipimo hiki kwa watu wazima na kuonyesha kuwa matokeo yanategemea sana umechagua nini kuwa hali ya kuanzia, na kwamba mabadiliko ya alfa huchanganyika kirahisi na ya mu. Hesabu yenyewe ni logarithimu ya nguvu ya wimbi wakati wa tendo kugawa nguvu ya wimbi kabla. Ikiwa hasi, wimbi limepungua. Badilisha hicho cha chini, na hasi inaweza kugeuka chanya bila mtoto kufanya lolote.

Kwa maoni yangu utafiti wowote wa mtoto usioonyesha C3 na C4 kando ya elektrodi za kisogoni usomwe kama tetesi. Hali nzuri ya kuanzia ni nusu sekunde au sekunde moja kabla ya kila tendo, mkono uleule ukiwa umetulia mezani. Hapo kinachobadilika ni mwendo peke yake.

## Ulimi wa kichanga

Kabla ya miezi michache mu haijakomaa kiasi cha kutegemewa. Basi wanaoamini kwamba niuroni kioo huzaliwa nasi walishika ushahidi mwingine: uigaji. Mwaka 1977 Andrew Meltzoff na Keith Moore waliripoti kuwa watoto wa siku 12 hadi 21 hutoa ulimi mtu mzima akitoa ulimi, na hufungua mdomo akifungua mdomo. Mtoto hajawahi kuuona uso wake. Kama anaweza kuoanisha ulimi anaouona na ulimi asiouona, daraja lilikuwepo tangu tumboni.

Kwa karibu miaka arobaini ndoano nyingi za nadharia zilitundikwa hapo.

Mwaka 2016 Janine Oostenbroek na wenzake wa Australia walitoa jaribio la watoto 106, wakiwapima kila mmoja katika wiki ya 1, 3, 6 na 9, kwa vielelezo 11. Siri iko kwenye idadi ya vielelezo. Kichanga hutoa ulimi anapochangamka, kwa chochote. Ukimwonyesha ulimi na kumlinganisha na uso uliotulia, utapata "uigaji". Ukimwonyesha pia mdomo uliofunguka, sura ya furaha, ya huzuni, kidole kinachonyooshwa, ukaona anatoa ulimi karibu sawasawa kwa vyote, unachokiona ni uchangamfu. Hawakupata ushahidi wa uigaji. Ubishi haukuisha, ila kundi la ulinganishi lenye kielelezo kimoja lilipoteza heshima.

Wanaosema tunazaliwa nazo bado wana tumbili. Mwaka 2012 Pier Francesco Ferrari na wenzake walichapisha EEG za vichanga vya makake vya siku chache, walioona mtu akipiga midomo au akitoa ulimi: wimbi la hezi 5 hadi 6 lilipungua walipotazama na walipotenda. Siku chache ni muda mfupi wa kujifunza. Lakini mwaka 2015 kikundi hichohicho kililinganisha vichanga waliolelewa na mama zao na waliolelewa kwenye kitalu na binadamu. Waliokuwa na mama walionyesha upungufu mkubwa zaidi wa wimbi. Hapo hata ushahidi wa kuzaliwa nacho unaanza kunukia malezi.

Waswahili tuliugawana mgogoro huu zamani. Mwana wa nyoka ni nyoka, anasema mmoja. Mwingine anajibu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakuna kati yao aliyeombwa kundi la ulinganishi.

## Kioo kinachotangulia

Kuna matokeo yanayovuruga hata jina lenyewe. Victoria Southgate na wenzake, 2009, waliwapima watoto wa miezi 9 wakitazama mkono ukija kushika kitu, mara kwa mara, kwa mpangilio unaotabirika. Wimbi lilianza kupungua *kabla* mkono haujasogea. Mwaka 2010 walionyesha mkono ukiingia nyuma ya kizuizi, mtoto asione kinachofuata. Mkono ukiwa umejikunja tayari kwa kushika, wimbi lilipungua; ukiwa kiganja wazi, halikupungua.

Kioo hakikuonyeshi uso kabla hujakifikia. Kinachofanyika hapa ni ubashiri: mtoto anatumia mwili wake kukisia mwisho wa tendo. Mfano wa kioo umetuponza, nadhani, kwa sababu unatufanya tutafute nakala mahali palipo na dau.

## Turudi kwenye mkanda

Kama daraja kati ya kuona na kutenda hujengwa, linajengwa na nini? Mwaka 2008 Michiel van Elk na wenzake, Nijmegen, Uholanzi, waliwapima watoto wa miezi 14 hadi 16 wakitazama watoto wengine wakitambaa na wakitembea. Wimbi lilipungua zaidi kwa kutambaa, tendo wanalolijua, na kadiri mtoto alivyotambaa kwa muda mrefu ndivyo upungufu ulivyoongezeka.

Inashawishi. Lakini aliyetambaa muda mrefu ametambaa mwenyewe, ameona mikono yake ikitambaa, na amewatazama wengine zaidi. Mambo matatu yamefungwa kwenye fundo moja.

Upo ushahidi mzuri kwa watu wazima. Cecilia Heyes, Caroline Catmur na Vincent Walsh, 2007, waliwafundisha watu kusogeza kidole kidogo kila wanapoona kidole cha shahada kikisogea, na kinyume chake. Kisha msukumo mmoja wa sumaku ulipelekwa kwenye eneo linaloamuru misuli, na mtikisiko ukapimwa kwenye misuli ya vidole vyote viwili. Baada ya mafunzo, kuona kidole cha shahada kuliamsha misuli ya kidole kidogo. Kioo kilipinduliwa. Kwa Heyes, hicho ni kiungo cha kawaida cha kujifunza: kuona na kutenda vikitokea pamoja mara nyingi, vinafungamana.

Mtoto hapigwi sumaku kichwani kwa ajili ya utafiti wa namna hii. Hivyo mkanda wa Birkbeck ulikuwa njia ya kulifungua fundo: tendo ambalo mtoto hajawahi kulifanya, na skrini ambayo mtafiti ndiye anayeamua inaonyesha miguu ya nani. EEG ilipimwa kabla na baada, mtoto akitazama wengine wakipiga hatua.

Matokeo? Kundi lililoona miguu yao wenyewe, likichukuliwa kwa ujumla, *halikuonyesha* upungufu mkubwa zaidi wa wimbi baada ya mafunzo.

Ukurasa huo unahitaji kusomwa taratibu, maana wengi wangeufungia droo. Waliporudi ndani ya kundi hilo, waliona kwamba kilichobashiri upungufu wa wimbi ni jinsi kuona na kupiga hatua kulivyokwenda sambamba kwa kila mtoto: aliyepiga hatua huku akitazama pembeni alipata kidogo, na aliyezikodolea macho hatua zake alipata zaidi. Kupiga hatua peke yake hakukuonyesha athari yoyote.

Ushahidi huu si wa chuma. Uhusiano uliopatikana ndani ya kundi moja, baada ya ulinganisho mkuu kukosa, ni hoja ya kuanzisha jaribio jipya. Hata hivyo umehamisha swali. Umri wa mtoto na idadi ya hatua havitoshi. Kinachohitajika ni kujua macho yalikuwa wapi miguu ilipokuwa ikienda.

## Kokwet

Mwaka 1976 Charles Super alichapisha utafiti kutoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, nyanda za juu magharibi mwa Kenya. Watoto wa pale walikaa kitako, wakasimama na kutembea wiki kadhaa mbele ya wenzao wa Marekani, ila katika kutambaa hawakuwa mbele. Maelezo yake hayakuhitaji damu wala ukoo: mama waliwafundisha kwa makusudi kukaa na kutembea, hata kwa kuwachimbia kishimo ardhini cha kukalia, wala hawakuwafundisha kutambaa.

Super hakuwa akitafuta niuroni kioo. Hakuna aliyekuwa amezisikia. Lakini pale Kokwet umri na mazoezi, vitu ambavyo Nijmegen vilikwenda pamoja, viliachana bila mashine yoyote. Mtoto aliyefundishwa kutembea na asiyefundishwa kutambaa ni jaribio lililokwisha kupangwa.

Fomu anayojaza mama kwenye maabara huuliza alianza kukaa lini, kutambaa lini, kusimama lini. Mama akimshika mtoto mikono wakitazamana, hatua zinakwenda na macho yako kwenye uso wa mama. Akimshika kwapani kutoka nyuma, mtoto akainama, anaona nyayo zake mwenyewe zikipishana vumbini. Hizo ni wiki zilezile za mazoezi na ni miguu ileile, na fomu inaandika tarehe moja.